Aliyefungua Mlango kwa Nafasi ya Tatu

Mazungumzo ya redio

Juma hili twataka kuzungumza juu ya mtu wa hapa kwetu, mzaliwa wa Kericho, ambaye wazee hulitaja jina lake kwa heshima lakini vijana wengi hawamjui. Huyo ni Wilson Kiprugut arap Chumo, Mkenya wa kwanza kupata nishani katika Michezo ya Olimpiki. Tutaeleza alivyokimbia, na kazi aliyoifanya baada ya miguu kuchoka. Kisha tutauliza swali lililo la nyumba zetu sote: mbio za mtu na nyumba ya mtu, zitakaaje pamoja bila moja kuiharibu nyingine?

Swali hili si dogo katika nchi yetu ya chai. Kutoka Londiani mpaka Litein, na kutoka Sotik mpaka Bomet, barabara zetu alfajiri zina makundi mawili ya watu. Kundi la kwanza ni wachuma chai wenye vikapu mgongoni, wakiwahi shambani kabla jua halijawa kali. Kundi la pili ni vijana wanaofanya mazoezi ya mbio, mvuke ukiwatoka kinywani kwa baridi. Mara nyingi makundi haya mawili yametoka katika nyumba zile zile. Mama anakwenda kuchuma, binti anakwenda kukimbia, naye baba amebaki akihesabu karo ya shule. Kwa hiyo tukizungumza juu ya mbio, twazungumza juu ya jamaa pia.

Jina na nyumbani

Kiprugut alizaliwa mwaka 1938. Kwa desturi ya Wakipsigis, kama kwa Wakalenjin wengine, jina la mtoto hueleza wakati au hali ya kuzaliwa kwake. Kibet amezaliwa mchana, Kipkoech alfajiri, Kiprotich wakati ng'ombe wanaporudi nyumbani. Kiprugut ni mtoto aliyezaliwa wakati wa njaa. Neno arap nalo maana yake ni mwana wa fulani, na kijana hulichukua pamoja na jina la baba yake baada ya kuingia utu uzima. Basi hata jina la mtu wetu lilimkumbusha kila siku mambo mawili: kwamba alizaliwa katika shida, na kwamba yeye ni mwana wa mtu. Hakutoka hewani. Alitoka katika nyumba.

Kericho ya utoto wake haikuwa hii tunayoijua leo. Makampuni ya Waingereza yalikuwa yameanza kupanda chai katika miaka ya ishirini, na mashamba yale makubwa ya kijani yalikuwa mali yao. Mwafrika aliingia humo kama kibarua, chini ya nyapara. Kijana wa Kikipsigis aliyekuwa akikua wakati huo alikuwa na njia chache mbele yake: kuchunga mifugo ya baba yake, kuchuma majani chai ya tajiri, kuendelea na shule kama karo ilipatikana, au kujiandikisha askari. Kiprugut alisoma katika shule za Kaptebeswet na Sitotwet, kisha mwishoni mwa miaka ya hamsini akaingia jeshini, katika kikosi kilichoitwa King's African Rifles.

Yafaa tueleze kwa nini jeshi lilizaa wakimbiaji wengi namna hii. Zamani hizo mkimbiaji hakulipwa. Sheria za mashindano ya dunia zilikataza mtu kupokea mshahara kwa sababu ya mbio, na aliyepokea alifungiwa nje. Mtu maskini atafanyaje mazoezi asubuhi na jioni kama hana chakula cha hakika? Jeshi lilimpa chakula, mahali pa kulala, mwalimu wa mazoezi, viatu na mashindano. Likampa pia mshahara, ambao haukuwa wa mbio bali wa uaskari. Hivyo ndivyo ilivyowezekana kwa mwana wa mchungaji au wa kibarua kujipima na watu wa nchi tajiri.

Dakika moja na sekunde 45.9

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Miezi kumi baadaye, bendera yake mpya ilibebwa katika uwanja wa Tokyo, huko Japani. Aliyeibeba alikuwa Seraphino Antao wa Mombasa, yule aliyekuwa ameshinda mbio fupi mbili katika michezo ya Jumuiya ya Madola huko Perth mwaka 1962. Nyuma yake walitembea wenzake wachache, na miongoni mwao alikuwamo askari wetu kutoka Kericho.

Kiprugut alikimbia mita 800. Kwa wale wasioijua, hiyo ni mizunguko miwili ya uwanja. Wakimbiaji wenyewe husema kwamba hakuna mbio zenye udanganyifu kama hizi. Ni ndefu mno kwa mtu kukimbia kwa nguvu zake zote tangu mwanzo, tena ni fupi mno kwa mtu kujipumzisha. Mzunguko wa kwanza kila mtu aonekana mzima. Katika mzunguko wa pili miguu hugeuka mizito kama iliyotiwa maji, kifua huwaka, na ndipo hujulikana nani alijiandaa.

Fainali ilikimbiwa tarehe 16 Oktoba 1964. Peter Snell wa New Zealand, aliyekuwa bingwa tangu Roma mwaka 1960, alishinda kwa dakika 1 na sekunde 45.1. Bill Crothers wa Kanada akawa wa pili. Nyuma yao walifika watu wawili karibu bega kwa bega, Kiprugut na George Kerr wa Jamaika, na wote wawili wakaandikiwa muda ule ule, dakika 1 na sekunde 45.9. Waamuzi walimpa Kiprugut nafasi ya tatu, na Kerr ya nne. Mmoja akapanda jukwaani kuvikwa nishani ya shaba, mwenzake akaondoka mikono mitupu.

Hiyo ndiyo nishani ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki, na ndiyo pekee nchi yetu iliyoipata Tokyo. Kipchoge Keino, ambaye baadaye jina lake lilienea duniani kote, alikuwa wa tano katika mita 5,000 mwaka huo.

Fikirini, ndugu zetu, mlango huo ulifunguliwa na mtu wa tatu. Leo mtu akija wa tatu, watu hunung'unika kwamba ameshindwa. Lakini mpaka siku ile hakuna Mkenya aliyejua kwa hakika kama jambo hilo lawezekana. Mtu wa kwanza kuvuka mto huonyesha penye kina kifupi, nao wanaokuja nyuma huvuka kwa haraka wala hawamkumbuki. Miaka minne baadaye, huko Mexico, Kenya ilipata nishani tisa: tatu za dhahabu, nne za fedha na mbili za shaba.

Hatua moja tu

Kabla ya Mexico, Kiprugut aliendelea kukimbia. Mwaka 1965 mataifa ya Afrika yalikutana Brazzaville kwa michezo yao ya kwanza ya bara zima, naye akashinda mita 400 na mita 800 zote mbili. Mwaka 1966 katika michezo ya Jumuiya ya Madola huko Kingston, Jamaika, alikuwa wa pili katika yadi 880, nyuma ya Noel Clough wa Australia.

Kisha ikaja Mexico, Oktoba 1968. Mji ule umeinuka zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, na watu wengi wa nchi za chini walipata taabu ya pumzi. Mtu wa Kericho, aliyekulia kwenye mwinuko unaokaribia huo, hakuwa mgeni wa hewa ya namna hiyo. Katika fainali Kiprugut alishika uongozi akaenda mbele ya wote. Lakini katika mnyosho wa mwisho Ralph Doubell wa Australia alimfikia, akampita, akashinda kwa dakika 1 na sekunde 44.3, muda uliolingana na rekodi ya dunia. Kiprugut akamaliza kwa dakika 1 na sekunde 44.5.

Tofauti yao ilikuwa sehemu mbili za kumi za sekunde. Kwa mwendo waliokuwa nao, huo ni umbali wa kama mita moja na nusu, hatua moja ya mtu mrefu. Alikuwa amekimbia upesi kuliko Snell alipochukua dhahabu ya Tokyo, ingawa ni kweli kwamba Tokyo walikimbia juu ya changarawe na Mexico juu ya sakafu mpya ya plastiki. Hata hivyo alipata fedha, si dhahabu. Wenzake waliokwenda naye, Naftali Temu wa Kisii, Kipchoge Keino na Amos Biwott wa Nandi, ndio waliorudi na dhahabu. Mlango aliufungua yeye, na wengine wakapita wakaketi kwenye viti vya mbele.

Katika mbio za mita 800, Kenya ilingoja miaka ishirini mingine. Dhahabu ya kwanza ya mbio hizo ilipatikana Seoul mwaka 1988, kwa miguu ya Paul Ereng. Tangu hapo wamefuata William Tanui mwaka 1992, Wilfred Bungei mwaka 2008, David Rudisha mwaka 2012 na 2016, Emmanuel Korir katika michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, na Emmanuel Wanyonyi huko Paris mwaka 2024. Twawataja wote kwa sababu kila mmoja wao amekula matunda ya mti uliopandwa mwaka 1964.

Miguu ikichoka

Sasa tumefika mahali ambapo magazeti mengi huishia. Mtu amekimbia, amepata nishani, basi. Lakini mkimbiaji hastaafu akiwa mzee. Katika umri ambao mwalimu au karani ndiyo kwanza anaanza kupata uzoefu, yeye miguu yake imekwisha kazi. Bado ana miaka hamsini ya kuishi kama Mungu akimjalia. Ataishi miaka hiyo kama nani?

Kiprugut aliendelea kuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo katika jeshi la Kenya mpaka mwaka 1974. Uwanja wa taifa wa Nyayo ulipofunguliwa Nairobi mwaka 1983, yeye alipewa kazi ya ukaguzi wa uwanja huo. Litafakarini jambo hilo. Mtu aliyeshangiliwa na maelfu huko Tokyo na Mexico sasa akawa mwangalizi wa uwanja ambamo vijana wengine walishangiliwa. Kazi ya namna hiyo haipigiwi makofi. Lakini bila mwangalizi, hakuna kinachokwenda sawa siku ya mashindano.

Hakuwa tajiri kama wakimbiaji wa siku hizi, kwa maana wakati wake hapakuwa na fedha za zawadi. Mbio za Boston, kwa mfano, zilianza kutoa fedha mwaka 1986 tu. Yeye alifariki dunia tarehe 1 Novemba 2022, akiwa na umri wa miaka 84. Miaka mitano au sita ya uhai wake ilitosha kumwandika katika vitabu vya historia. Miaka ile mingine yote, zaidi ya hamsini baada ya Mexico, ilikuwa ya kuamka, kufanya kazi na kuwa mtu kati ya watu.

Taji la majani

Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho alitumia mfano wa wakimbiaji, na watu wa Korintho walimwelewa mara moja. Karibu na mji wao palikuwa na mashindano makubwa kila baada ya miaka miwili, na mshindi alivikwa taji la majani, ya msonobari au ya mboga, ambayo baada ya siku chache yalinyauka. Katika michezo ya Wayunani wa zamani hapakuwa na nafasi ya pili wala ya tatu. Mmoja alitunukiwa, waliobaki wakaenda zao. Desturi ya kutoa dhahabu, fedha na shaba ilianza katika Olimpiki ya mwaka 1904 huko Marekani.

Ndiyo sababu Paulo alisisitiza kwamba katika uwanja wote hupiga mbio lakini mmoja ndiye apewaye tuzo. Alikuwa akieleza mambo kama yalivyokuwa. Kisha akageuza mfano wake akawaonyesha tuzo nyingine, isiyonyauka, ambayo haipewi mmoja tu. Naye mwandishi wa Waraka kwa Waebrania atuagiza kupiga mbio kwa saburi. Hakusema kwa kasi. Alisema kwa saburi. Mtu wa mita 800 aweza kushinda kwa kasi ya dakika moja na kidogo. Mume, mke, mzazi na mtoto, hao wamo katika mbio ambazo hakuna anayezimaliza kabla ya jioni ya maisha yake.

Nyumba inayokimbia

Habari za ndani ya nyumba ya Mzee Kiprugut ni za jamaa yake, wala si kazi yetu kuzitangaza. Lakini mambo ya nyumba za wakimbiaji na askari twayajua, kwa sababu ni jirani zetu na ndugu zetu.

Kila nishani ina upande wa nyuma usioonekana. Mwanamume akiwa kambini au ng'ambo, shamba halingoji. Majani chai yakikomaa lazima yachumwe, maana yakipitiliza hugeuka magumu, na kiwanda hutaka majani mawili na chipukizi. Mwaka ule ule wa 1964 Kiprugut alipokimbia Tokyo, serikali iliunda halmashauri ya KTDA ya kusimamia chai ya wakulima wadogo, na polepole jamaa nyingi za Kericho na Bomet zikawa na vishamba vyao wenyewe. Nani aliyepanda michai hiyo, akapalilia, akachuma, akapeleka kilo zake kwenye kituo cha kununulia? Mara nyingi ni mama. Akirudi jioni awasha moto, amwosha mtoto, amuuliza mwanafunzi juu ya masomo yake, na usiku asikiliza kama mbwa anabweka.

Basi mwenye mbio akirudi na nishani au na fedha, na aseme, "Tumeshinda." Akisema, "Nimeshinda," amewaibia wenzake.

Siku hizi jambo hili limekuwa zito zaidi, kwa sababu fedha zimeingia. Fedha si dhambi. Zimejenga nyumba, zimesomesha watoto, zimenunua ng'ombe wa maziwa. Lakini zimeleta pia majaribu ambayo askari wa mwaka 1964 hakuyajua. Sammy Wanjiru wa Nyahururu alishinda mbio za marathoni za Olimpiki huko Beijing mwaka 2008 akiwa na miaka 21 tu. Tarehe 15 Mei 2011 alikufa baada ya kuanguka kutoka roshani ya nyumba yake, usiku wa ugomvi wa nyumbani. Agnes Tirop, binti wa Nandi, mwezi wa Septemba 2021 alikimbia kilomita 10 huko Ujerumani kwa dakika 30 na sekunde moja, rekodi ya dunia ya mbio za wanawake peke yao. Tarehe 13 Oktoba mwezi uliofuata alikutwa ameuawa ndani ya nyumba yake huko Iten. Alikuwa na miaka 25.

Twalitaja jambo hili kwa huzuni, na bila kumhukumu mtu ambaye mahakama ndiyo yenye kazi hiyo. Lakini kunyamaza nako kungekuwa kosa. Baada ya kifo chake, wakimbiaji wenzake waliunda chama kiitwacho Tirop's Angels cha kuwasaidia wanawake wanaoteswa majumbani. Wasichana wakimbiaji wanapoanza kupata fedha, huzungukwa na wanaume wanaojiita walimu, mameneja na wachumba. Wengine ni waaminifu. Wengine huandika shamba kwa jina lao wenyewe, hushika kadi ya benki, na binti akiuliza hupigwa. Mzazi, ukiona mwanao ana nishani kabatini na alama ya kipigo usoni, usimwambie avumilie kwa sababu ya aibu ya majirani. Mfungulie mlango. Kanisa nalo limfungulie. Hakuna ndoa inayolindwa kwa kuficha damu.

Mazungumzo ya jioni

Tuseme jioni moja kijana wa miaka kumi na sita amemwendea baba yake zizini.

"Baba, nataka kuacha shule niende kambini. Mwenzangu amekwenda, na sasa amejenga."

Baba aweza kukasirika, au aweza kumwona mwanawe kama shamba la chai linalosubiri bonasi. Njia zote mbili ni mbaya. Afadhali aketi naye.

"Mwanangu, wangapi wamekwenda kambini kutoka kijiji chetu?"

"Wengi, Baba. Labda thelathini."

"Na waliojenga?"

"Wawili."

"Wale ishirini na wanane wako wapi?"

Kijana atanyamaza, kwa sababu anajua walipo. Wengine wamerudi kuchuma chai. Wengine wanaendesha bodaboda. Wengine wanaona haya kurudi nyumbani. Baba asiseme hayo ili kumvunja moyo. Aseme, "Kimbia, mwanangu. Amka saa kumi na moja, ukimbie kabla ya shule, na wakati wa likizo nitakupeleka kambini mwenyewe. Lakini maliza shule. Miguu ni ya miaka kumi, kichwa ni cha maisha." Na kama kuna mtu anayempa sindano au vidonge vya kuongeza nguvu, amwambie akatae. Kenya ina sheria yake dhidi ya dawa hizo tangu mwaka 2016, nazo adhabu zake zimekwisha kuwakata wengi katikati ya safari. Lakini hata kama sheria isingekuwako, taji la wizi hunyauka upesi kuliko lile la majani.

Mashauri matatu

Tukusanye sasa tuliyoyasema, ili kila mtu aondoke na lake.

La kwanza ni kwa yule aliye wa tatu. Wewe uliyesoma hukupata daraja la juu, wewe ambaye shamba lako lina michai mia tano tu na jirani ana elfu kumi, wewe uliyeanzisha kazi na wengine wakaimaliza na kusifiwa, usiidharau nafasi yako. Mwaka 1997 Joyce Chepchumba, mzaliwa wa Kericho, alishinda marathoni ya London kwa sekunde moja tu, na mwaka 2000 huko Sydney akawa wa tatu. Mwaka 2024 huko Paris, Beatrice Chebet, aliyekulia upande wa Londiani, alipata dhahabu mbili, mita 5,000 na mita 10,000. Tangu shaba ya Kiprugut mpaka dhahabu hizo mbili ni miaka sitini kamili. Aliyepanda hakujua jina la atakayevuna. Alipanda tu.

La pili ni kwa wenye nyumba. Mwenye mbio na mwenye jembe waketi pamoja na daftari mezani. Fedha zinazoingia ziandikwe, na shamba linalonunuliwa liandikwe kwa majina ya wote wawili. Mwenye kusafiri apige simu nyumbani si kwa sababu ya kuuliza habari za ng'ombe tu, bali kuuliza, "Mama watoto, wewe mwenyewe u hali gani?" Na aliyebaki nyumbani asiache moyo wake ujae mashaka mpaka ukafurika, bali aseme mapema, kwa upole. Mti wa chai usipokatwa matawi kwa wakati wake hurefuka ukawa mti wa msitu, na mchumaji haufikii tena. Maneno ya nyumbani nayo ni vivyo hivyo.

La tatu ni kwa kila mmoja wetu anayekaribia mwisho wa mzunguko wake. Siku yaja ambayo hutaitwa tena jukwaani. Mwingine atapewa kiti chako kazini, mwingine atasimamia kwaya uliyoianzisha, mwanao atakupita mbio. Je, utakuwa tayari kuwa mwangalizi wa uwanja? Utafurahi kuona wengine wakishangiliwa mahali ulipokuwa ukishangiliwa wewe? Jiulizeni hivyo mkiwa bado na nguvu, maana mazoezi ya moyo wa namna hiyo hayaanzwi siku ya mwisho.

Wapendwa, kesho alfajiri barabara zetu zitajaa tena, wenye vikapu na wenye viatu vya mbio. Mkiwaona wanaokimbia, msiwaulize tu wamekuwa wa ngapi. Waulizeni kama wazazi wao hawajambo, na kama huko nyumbani kuna amani. Nanyi mnaokimbia, mkipita karibu na mchuma chai, mpungieni mkono. Huenda kapu lile ndilo lililowanunulia viatu.

Mungu awabariki nyumbani mwenu. Kwaherini mpaka juma lijalo.